Gauni la Gunzi

Mpanda, ukitaka kushonewa nguo, mara nyingi unakwenda kwa mwanaume. Kwenye vibaraza vya maduka ya vitambaa cherehani zimepangwa mstari, na nyuma ya nyingi kati ya hizo amekaa baba mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Anatia lesi kwenye gauni la kipaimara. Anapanga marinda ya sketi ya shule. Anabana kiuno cha gauni la bi harusi huku mwenyewe amesimama mbele ya kioo. Hakuna anayemuuliza kwa nini amejiingiza katika mambo ya kike. Anaitwa fundi, na neno hilo linafunga mjadala.

Mimi ni mwanaume wa miaka 28. Nimezaliwa na kukulia mji huuhuu, nafundisha Historia kwenye shule ya sekondari, na jioni, madaftari yakishasahihishwa, nafuma nguo za midoli. Natumia sindano ya kroshia, ile yenye kindoano kichwani, na uzi wowote ninaoupata. Gauni moja likikamilika linakaa kwenye kiganja. Kofia yake inakaa kwenye ncha ya kidole gumba. Siuzi. Nikimaliza namgawia mtoto yeyote wa jirani mwenye mdoli, au naweka kwenye kopo.

Maswali ninayoulizwa nimeyazoea. Una mtoto wa kike? Nani amekuagiza? Unauza bei gani? Na lile la mwisho, ambalo kila mmoja hulifikia kwa njia yake: sasa faida yake nini? Zamani nilidhani watu wanashangazwa na mwanaume kushika sindano. Lakini wanaouliza ndio haohao waliovaa mashati yaliyoshonwa na wanaume. Nikaanza kuitafuta sababu mahali ninapopajua zaidi, yaani kwenye historia ya mkoa huu, na nimeona kwamba jinsia ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe.

Kiswahili chenyewe kinaona haya mbele ya kazi isiyo na malipo. Shuleni tulifundishwa kwamba shughuli anayoifanya mtu kwa kupenda tu, nje ya kazi yake, inaitwa uraibu. Fungua kamusi uone neno hilo limetoka wapi: tambuu, tumbaku, vitu ambavyo mtu hutafuna kwa mazoea wala si kwa njaa. Siku hizi wataalamu wa afya wanalitumia kwa walionaswa na dawa za kulevya. Kwa hiyo neno tulilonalo la kumsifu mtu anayekusanya stempu ndilo tulilonalo la kumhurumia aliyezama kwenye heroini. Lugha haikukosea. Imehifadhi tu mashaka ya watu wake: mkono unaofanya kazi bila kulipwa, na bila kulazimishwa, una nini?

Neno kufuma, kwa upande wake, limeanza maisha yake kwa heshima kubwa. Kabla ya kuwa kazi ya kutengeneza sweta na vitambaa vya makochi, kufuma kulikuwa kutengeneza nguo yenyewe, kwa mtande na mshindio, kwenye kitanda cha mfumi. Na upande wetu huu wa nchi kazi hiyo ilikuwapo. Kusini mwa Katavi ya leo, kwenye bonde la Ziwa Rukwa na nyanda za Ufipa, watu walilima pamba, wakaisokota na kuifuma. Livingstone, aliyepita Ufipa mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, aliandika habari za pamba na nguo za huko, na wasafiri waliomfuata nao waliona. Kitanda kilitandazwa karibu na ardhi, na aliyekaa kwenye kitanda hicho alikuwa mwanaume. Kufuma kulikuwa kazi ya wanaume kama kufua chuma.

Mada hii naifundisha. Imo kwenye somo la viwanda vya jadi, pamoja na chumvi na chuma, na wanafunzi huandika sababu za kufa kwake kwa mtiririko ambao wote tunaujua: nguo za nje, ukoloni, kodi. Ni kweli. Kabla hata Mjerumani hajafika, misafara kutoka pwani ilikuwa imeleta merikani, ile pamba nyeupe iliyofumwa viwandani Marekani, na kaniki ya rangi ya bluu iliyokoza. Nguo hizo hazikuwa za kuvaa tu. Zilikuwa fedha. Mkono ulipimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ilikuwa shuka, mikono 8 ilikuwa doti, na jora zima lilibebwa begani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kwa shuka ulilipa hongo kwa mtemi, ulinunua mbuzi, ulimlipa mpagazi.

Lakini angalia kilichoanguka chini ya vipimo hivyo. Kipande cha shubiri moja, kilichobaki baada ya kuchana, hakikununua kitu. Kilikuwa chini ya fedha. Na shubiri moja ndiyo hasa inayotosha kumfunika muhindi mchanga kuanzia kifuani hadi chini. Watoto wa nchi hii wamecheza na muhindi kwa muda mrefu: unauchuma ukiwa bado na nywele zake, unamsuka, unambeba mgongoni, na akinyauka unatafuta mwingine au unahamia kwenye gunzi. Bibi yangu mzaa mama alimjua mwanasesere wa namna hiyo kabla ya kumjua mwingine yeyote, na alisema mavazi yake yalikuwa yale ambayo mama yake asingeyaona yakipotea. Hilo ndilo soko la kwanza la nguo za midoli ninalolijua: soko la vitu visivyo na bei.

Bibi alizaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali padogo hapa pana historia kubwa kuliko ukubwa wake. Mwaka 1879 Kapteni Cambier alijenga kituo hapo kwa niaba ya chama kilichoasisiwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Biashara ya watumwa bado ilikuwa ikivuka ziwa, na wamisionari walikomboa watoto, wakawalea ndani ya misheni. Mtoto mmoja wa namna hiyo, aliyekombolewa mbali sana na hapa, ndiye aliyekuja kuwa mtu mashuhuri wa Karema: Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Bibi aliwahi kupelekwa kwake akiwa mdogo.

Katikati ya miaka ya 1890 walifika pia Masista Weupe, shirika ambalo Lavigerie alilianzisha Algeria mwaka 1869. Na hapa ndipo sindano ilipogawanywa. Kama ilivyokuwa kwenye misheni nyingi za wakati ule, wavulana walielekezwa useremala, uashi na ukatekista. Wasichana walielekezwa kushona, kudarizi na kufuma. Kizazi kimoja tu nyuma, upande wa pili wa milima, mwanaume ndiye aliyekaa kwenye kitanda cha mfumi. Sasa uzi ukawa wa kike, na jambo hilo likaanza kuonekana kana kwamba limekuwa hivyo tangu Adamu. Ajabu ni kwamba ndani ya misheni hiyohiyo mtu aliyeheshimiwa kuliko karibu wote alikuwa tabibu, na kazi ya tabibu nayo ina sindano na uzi. Lakini ile ilikuwa na jina lingine.

Kroshia yenyewe, ambayo leo tunaiona kama kitu cha bibi zetu, si kongwe. Ilienea Ulaya katika karne ya 19, na ilipata nguvu Ireland wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, pale masista walipowafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ili wauze na kununua chakula. Maana yake ni kwamba wakati Livingstone anaziona nguo za Ufipa, ufumaji wa Ufipa ulikuwa mzee na kroshia ilikuwa bado kijana. Na tangu mwanzo ilibebwa na wazo moja: mikono ya wasichana maskini isikae bure.

Wazo hilo ndilo lililozaa nguo ndogo shuleni. Katika shule za Uingereza na Ireland za karne ya 19, msichana alifanyiwa mtihani wa kushona kwa vipande vidogo: shati la kumtosha mdoli, soksi ya urefu wa kidole, kola, kishimo cha kifungo. Sababu ilikuwa kubana kitambaa. Shati dogo lina mishono yote ya shati kubwa, na linakula uzi kidogo. Hakuna mtoto aliyetarajiwa kucheza nalo. Lilibandikwa kwenye daftari, likapewa alama.

Kwenye kopo la biskuti la bibi mlikuwa na nguo 5. Alipofariki, vitenge, sufuria na baiskeli vilipata wenyewe kwa desturi, na kopo hilo halikuulizwa na mtu, ndipo likaja kwangu. La kwanza ni gauni la uzi mweupe wa pamba, mwembamba, lenye pindo la vipepeo na vitanzi vinavyolingana kama mahindi kwenye gunzi. Alilifuma kwa masista miaka ya 1950. Ni kazi ya shule kabisa. Hata mimi, miaka mingi baadaye, niliona anavyolishika kwa adabu, kama mtu anayeshika cheti.

Mimi alinifundisha nikiwa darasa la tatu. Nilivunjika mguu, nikafungwa hogo, nikashinda ndani wiki 6. Bibi alichoka kunisikiliza nikilalamika, akanipa sindano. Alianza na mnyororo, kitanzi ndani ya kitanzi, hata ukafika urefu wa kitanda. Kisha akauvuta ukafumuka wote kwa mkupuo mmoja, akaniambia nianze tena. Hivyo nilijifunza kufuma na kufumua siku moja, na nadhani ndiyo njia sahihi. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai kwa wakati wowote. Kikiteleza, kinakwenda chote. Kikifungwa, hakiendi popote.

Bibi alikuja Mpanda kwa kuolewa na mfanyakazi wa reli. Mji huu umezaliwa na reli hiyo. Waingereza walipotaka kutoa madini ya risasi ya Uruwira, walichepusha njia kutoka Kaliua kwenye Reli ya Kati, kilomita 210 za miombo na mabwawa kupitia Mto Ugalla, na mwaka 1950 treni ikafika. Mgodi ulifungwa baadaye, reli ikabaki, na mji ukabaki na reli. Vitabu vinavyotaja Mpanda vinataja risasi, na baadaye dhahabu. Kwa bibi, treni ilimaanisha kwamba uzi wa dukani sasa unaweza kutoka Tabora.

Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikianzisha vilabu vya wanawake nchini, na Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoundwa mwaka 1951, likiwa na wake za wakubwa serikalini, lilihimiza kazi hiyo. Mafunzo yalikuwa mapishi, malezi, kushona, kufuma. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaunganisha wanawake ndani ya TANU mwaka 1955, alipita njia nyingine: alikwenda kwa vikundi vya ngoma, ambako wanawake walikuwa tayari wamejikusanya wenyewe kwa kupenda. Sijaacha kulitafakari hilo. Kilabu cha kufuma kilikuwa na mwalimu, ratiba na lengo. Ngoma haikuwa na faida ya kuandika kwenye ripoti, na ndiyo iliyojaza uwanja.

Baada ya Uhuru lengo lilibadilishwa jina, sharti likabaki. Umoja wa Wanawake ulioundwa mwaka 1962 ulihimiza miradi. Shuleni likaja somo la Sayansi Kimu. Baadaye yakaja mashirika na mafunzo ya ujasiriamali. Leo sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kinachotaka fedha hizo kinaandika andiko la mradi lenye safu ya faida. Sina ugomvi na safu hiyo. Dada yangu alinunulia cherehani kwa mkopo wa namna hiyo na cherehani inalipa ada za watoto. Ninachosema ni kwamba kuanzia misheni hadi halmashauri, kila aliyempa mwanamke wa huku sindano alimpa na swali: utatengeneza nini cha maana? Kitambaa cha altare. Kitambaa cha kochi. Sweta la mtoto. Bidhaa.

Nguo ya pili kwenye kopo haina jibu kwa swali hilo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Haikufumwa na bibi. Imefumwa kwa mkono mkali, vitanzi vimebanwa mpaka gauni linasimama lenyewe mezani. Uzi wake ni wa mdomo wa gunia. Kama hujawahi kuufungua, jua kwamba mdomo wa gunia la kiwandani hushonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukianza upande usio sahihi utahangaika nao mpaka jioni, lakini ukijua upande wake, unakata fundo moja, unavuta, na uzi wote unatoka ukiimba. Mnyororo ule ni mnyororo uleule wa kroshia. Mashine ya kushonea magunia na bibi yangu walijua fundo moja. Magunia kadhaa ya sembe ya Shirika la Usagishaji la Taifa yalitosha kumvika mdoli.

Aliyelifuma alikuwa mama wa Katumba. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza watu kwa maelfu kuingia Tanzania, na mwaka uliofuata serikali ilifungua makazi ya Katumba, katikati ya msitu, reli ikipita ndani yake. Mwishoni mwa muongo huo yakafunguliwa ya Mishamo. Watu walipewa ardhi, wakaifyeka, na baada ya miaka michache walikuwa wakiuza chakula nje. Lakini maisha yale yalikuwa ya kuhesabiwa. Kijiji kilikuwa na namba, shamba lilikuwa na mipaka, na mkimbizi aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliandika kitabu kizima juu ya namna watu hao walivyoishika historia yao kwa kusimuliana. Mama huyu hakumsimulia bibi yangu historia ya taifa. Alikuja na treni, ana kibali na maharage ya kuuza, na alipumzika barazani kwetu akisubiri siku ya kurudi.

Sindano yake ilikuwa spoku ya baiskeli. Mama yangu, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, anakumbuka alivyoeleza inavyotengenezwa, na mimi nimeijaribu ikakubali. Unakata spoku urefu wa kiganja na nusu. Ncha moja unaichoma kwenye mkaa na kuigonga kidogo iwe bapa. Kwa tupa unachimba pengo la mshazari, si la kina, kisha unaisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka isishike uzi. Ukiacha kingo kali, itachana uzi na kidole pia. Upande wa pili unazungushia mpira wa tyubu ili usiumize mkono. Spoku ni nyembamba, ndiyo sababu vitanzi vya gauni lile ni vidogo namna ile.

Alilifuma akisubiri treni, akampa mama yangu, akaondoka. Hakuomba kitu. Bibi alijaribu kumpa sukari kidogo, na wakati huo sukari haikuwa jambo dogo, akakataa. Mimi naliangalia gauni hilo na kufikiri kwamba katika maisha ya mtu ambaye ardhi yake, safari zake na mgao wake vyote viliandikwa kwenye karatasi ya ofisi, hii saa moja na nusu haikuandikwa na mtu. Waburundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania kwa uamuzi wa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kama aliishi kufika hapo, naye sasa anaitwa Mtanzania kwa cheti. Gauni lilikuwa limetangulia kuvuka zaidi ya miaka 30.

Nguo ya tatu na ya nne ni za miaka ya uhaba na ya baada yake. Nchi ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, Urafiki cha Dar es Salaam na Mwatex cha Mwanza, vyote vya mwaka 1968, lakini baada ya vita vya Kagera na ukata wa fedha za kigeni, duka lingeweza kukaa miezi bila kitambaa, bila sabuni, bila uzi. Gauni la tatu limefumwa kwa nyuzi za rangi 6 tofauti, kila moja fupi, kila moja imeungwa kwa fundo. Ukiligeuza ndani unaona mafundo yamejaa kama upele. La nne ni la kijani kibichi na ni uzi mmoja mtupu. Katikati yake na la tatu kuna sera: kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na mitumba, ambayo watu waliiita kafa Ulaya, ikamwagika masokoni.

Kwa mfumaji, mtumba ni uzi uliovaa umbo la sweta. Lakini si kila sweta linafumuka. Bibi aliligeuza kwanza ndani nje akatazama mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa ovaloki, aliliacha, kwa sababu kila mstari umekatwa na utatoa vipande vya mkono mmoja mmoja. Kama kingo zimefumwa zikajifunga zenyewe, alinunua hata kama lina tundu kiwikoni. Nyumbani alilifumua, akazungusha uzi kwenye miguu ya kigoda, akaufua, akautundika na jiwe chini ili ule mkunjo wa zamani unyooke. Sweta moja lilitoa nguo za midoli zisizohesabika. Wafumaji wa Ufipa waliangushwa na nguo za nje. Mjukuu wa jirani zao alizichukua nguo za nje akazirudisha kuwa uzi. Silisemi hili kama ushindi. Kiwanda hakikurudi. Nasema tu kwamba mkono haukufa pale ambapo kitabu kinasema kiwanda kilikufa.

La tano ni la rangi ya waridi, la uzi wa dukani unaong'aa, lililofumwa kwa ajili ya mdoli wa plastiki wa Kichina. Mdoli huyu alileta taabu ambayo gunzi halina: kichwa chake ni kikubwa kuliko mabega, kwa hiyo gauni lazima lifunguke mgongoni. Bibi aliweka kifungo cha shati. Hilo ndilo gauni tulilolifuma pamoja, yeye sehemu ya juu, mimi sketi, na tofauti ya mikono yetu inaonekana hata kwa asiyejua.

Kwa nini zimebaki 5, kwa mtu aliyefuma maisha yake yote? Kwa sababu bibi alifumua. Mtoto akikua, gauni la mdoli wake lilirudi kuwa uzi, uzi ukawa kofia ya mtoto mchanga wa nyumba nyingine. Nguo za midoli hazingii makumbusho kirahisi, si kwa sababu zilikuwa chache bali kwa sababu hazikudhaniwa kuwa kitu. Makumbusho yana mwana hiti wa Wazaramo, yule mwanasesere wa mti aliyekabidhiwa mwali, kwa kuwa ana kazi katika unyago na hivyo ana maana inayoelezeka. Gunzi la bibi halikuwa na unyago. Lilikuwa na gauni tu.

Sasa naweza kumjibu anayeuliza. Sindano mkononi mwa mwanaume haimshangazi mtu wa Mpanda. Angeshangazwa nayo asingemwita fundi. Wala sindano ya mwanamke haijawahi kuachwa kwa amani. Imeruhusiwa kila mara kwa sharti kwamba itazaa kitambaa, sweta au fedha. Tunachokiona cha ajabu, kwa wote wawili, ni saa iliyotumika na haikurudi na kitu. Na saa hizo ni za kweli. Sweta lina mashine yake, fulana ina yake, hata lesi ina yake, lakini kroshia haijapata mashine. Kila kipande cha kroshia unachokiona, hata kile cha bei ya kutupa sokoni, kimepita kitanzi kwa kitanzi mikononi mwa mtu. Wa nguo za midoli ameamua tu kutomdai mtu yeyote saa zake. Kwa maskini huo ni uhuru mkubwa, na ndiyo maana unatutia wasiwasi.

Siku hizi nikifika kwenye viwanda vya jadi naingia darasani na gauni la uzi wa gunia. Nalipitisha dawati kwa dawati, wavulana kwa wasichana, huku nikieleza mtande na mshindio ubaoni. Wengi wanaliweka kwenye kiganja, wanacheka, wanauliza bei. Wachache wanaligeuza ndani nje wakitafuta mshono. Wanalizungusha, wanalivuta, wanaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Hawauoni, kwa sababu haupo: yule mama alianza shingoni akazunguka mpaka chini, uzi ukiishia alipotaka yeye.